Utasikiliza Nini, Shemeji?

Kijiwe chenyewe ni kiti cha nyuma cha gari lililokufa zamani, kimeegemezwa kwenye ukuta wa gereji, pale njia ya lami inapokutana na njia ya vumbi. Gari liliuzwa kama chuma chakavu, lakini kiti kilikataa kuondoka, au tuseme waliokikalia ndio waliokataa kuinuka. Mkono wa kulia yuko Mama Birika na jiko lake la mkaa na vikombe vyake vidogo vya kahawa. Mkono wa kushoto kuna kibanda cha kinyozi, na mbele ya kibanda, juu ya sakafu ile ile ya zege inayoingia mpaka gereji, limekaa jenereta la kinyozi. Umeme ukikatika jenereta linawashwa, zege lote linatetemeka, vikombe vinacheza kwenye sinia, na watu waliokaa goti kwa goti wanaanza kupigiana kelele. Asubuhi hiyo umeme ulikuwa umekatika. Ulikatika katikati ya taarifa ya habari, waziri akiwa ndiyo kwanza ametangaza kwamba serikali imeamua kuyaondoa barabarani magari yote ya petroli na dizeli, ili nchi nzima itembelee magari ya umeme. Alisema kwamba utekelezaji wa agizo hilo utaanza, na hapo redio ya gereji ikazima.

Kijiweni hakuna aliyecheka. Walikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira haoni kichekesho hata kikimkalia mapajani.

Aliyewaka zaidi alikuwa Fulutangi, dereva wa teksi. Jina hilo alipewa kwa sababu tangu kijiwe kimfahamu, mshale wa mafuta kwenye gari lake haujawahi kuinuka kutoka kwenye alama nyekundu. Walimbandika kwa dhihaka, yeye akalipokea kama cheo. Tena alikuwa amemwoa dada mdogo wa mwenye gereji, kwa hiyo pale alijiona mwenyeji wa nusu: alikaa bila kukaribishwa na kuondoka bila kuaga.

— Hebu niambieni, gari yangu imewakosea nini hawa watu? aliuliza, akipaza sauti kulishinda jenereta.

— Inatoa moshi, alijibu Mama Birika, akipepea jiko, naye moshi umemjaa mpaka kwenye kope.

— Na hilo jiko lako?

— Mimi bado sijatangazwa.

Katibu akakohoa. Kikohozi cha Katibu kijiweni kilikuwa kama kengele ya shule, maana yake ni kwamba watu wakae sawa. Mzee huyu alistaafu utarishi wizarani. Kwa miaka mingi alibeba majalada kutoka chumba hiki kwenda chumba kile, akatoka na imani kwamba kinachopita kwapani mwa mtu hupita na kichwani mwake.

— Mimi jambo hili nalijua tangu likiwa jalada, alisema.

— Jalada lilisema nini, mzee?

— Lilikuwa limefungwa. Lakini lilikuwa nene.

Kutokana na unene huo Katibu akawamegea siri. Habari ya moshi, alisema, ni ya kuwatuliza watoto. Serikali haina shida na moshi. Ingekuwa na shida nao ingeanza na magari yake yenyewe, ambayo yakipita mtaani wanawake wanakimbilia kuanua nguo. Shida ya serikali ni kwamba gari la petroli halina mwenyewe. Unajaza mafuta huku, unakwenda kule, hakuna anayejua uko wapi. La umeme lazima jioni lirudi kwenye waya, kama mbuzi kwenye kamba. Ukitaka kwenda mkutanoni kuisema serikali vibaya, wanakata umeme wa mtaa wenu tu, basi, siku nzima unashinda nyumbani na mkeo.

— Sasa hiyo si adhabu mbili kwa kosa moja? alilalamika Fulutangi.

— Kwa mkeo ni tatu, alisema Mama Birika.

Fulutangi hakutaka kupitwa. Kama Katibu alikuwa na jalada, yeye alikuwa na barabara, na barabarani, alisema, dereva huona mengi. Kwa maoni yake lengo lilikuwa foleni. Serikali ilishaahidi kumaliza foleni mpaka ikachoka kuahidi, sasa imepata dawa. Gari zote ziwe za umeme. Umeme ukatike kama leo. Barabara nyeupe kabisa. Waziri anasimama katikati ya njia na suti yake, anapigwa picha, anasema mnaona, foleni hakuna. Tena, akaongeza, akiwa ameanza kunogewa na maneno yake mwenyewe, gari za umeme zikilazwa pamoja kwenye chaji huwa zinapashana habari. Alikuwa ameambiwa na abiria, mtu mzima, mwenye miwani. Usiku kucha zinaambizana nani alimbeba nani, akampeleka wapi, na asubuhi mkeo anasomewa kila kitu kwenye simu.

— Kumbe ndiyo maana unazipinga, alisema Mama Birika.

— Mimi napinga kwa niaba ya madereva wote.

Katibu naye akapanda ngazi. Injini zote zitakazokusanywa, alisema, zitayeyushwa na kumwagwa sanamu ya gari, ndefu kuliko jengo la wizara, iwe kumbukumbu; na zabuni ya sanamu hiyo ilishatolewa, ndiyo maana jalada lilikuwa nene. Fulutangi akauliza sanamu itakuwa ya gari la petroli au la umeme. Katibu akasema hilo ndilo linalogombaniwa huko juu, na hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo lote.

Wakati wote huo mwenye gereji alikuwa amekaa pembeni kwenye tairi, kikombe mkononi, akiitazama midomo yao na kutabasamu. Alipoona wamefika kwenye sanamu alishusha kikombe.

— Mimi naunga mkono serikali, alisema.

Vikombe viliendelea kutetemeka kwenye sinia, lakini watu waliganda.

Huyu ndiye aliyeitwa Sikio, na jina lake, tofauti na la shemeji yake, lilikuwa la heshima. Wenzake wanaanza kazi kwa kufungua; Sikio alianza kwa kusikiliza. Alikuwa na bisibisi ndefu, mpini wake umekuwa mweusi kwa jasho la mikono. Gari likiletwa alitaka liachwe linanguruma, akaweka ncha ya bisibisi juu ya injini na mpini kwenye sikio, akafumba macho. Kijiwe kizima kilinyamaza. Hata Katibu alinyamaza. Fundi alihamisha ncha huku na huku, akitikisa kichwa polepole kama mtu anayepokea malalamiko ya jamaa yake, kisha akafumbua macho na kutaja ugonjwa. Watu walileta magari kutoka miji mingine, wakipita gereji nyingine zenye mabango makubwa, waje tu kusikilizwa na Sikio.

Kile ambacho kijiwe hakikujua ni kwamba sikio lenyewe lilikuwa limekufa. Lile la kulia, la kazi, lilianza kufifia taratibu, kisha likajifunga kabisa, na la kushoto lilikuwa linasuasua. Mwaka huo aliuanza kwa kuhamisha mpini wa bisibisi kutoka sikioni kwenda kwenye meno, akawaambia ni ufundi mpya, nao wakaamini na kuusambaza. Meno yalimsaidia kidogo, yakachoka. Sasa alikuwa amerudisha mpini sikioni kwa ajili ya watazamaji tu, na gari alilitibu kwa macho, kwa rangi ya moshi, kwa harufu ya oili na kwa kumpeleleza mwenye gari kwa maswali mengi. Mara nyingi alipatia. Aliogopa siku ya kukosea kuliko alivyoogopa kifo, kwa sababu alikijua kijiwe chake. Kijiwe kilichomwita mtu Fulutangi kwa kuwa hana mafuta kingeendelea kumwita yeye Sikio, bila kubadili herufi, na kucheka.

Ndiyo maana alizipenda siku za jenereta. Siku hizo kila mtu alipiga kelele, kila mtu aliuliza "nini?", na yeye alikuwa mtu kama watu. Na ndiyo maana tangazo la waziri lilimwingia moyoni kama habari ya ukombozi. Injini zikiondolewa, angefunga gereji kichwa kikiwa juu. Angesema ni serikali iliyommaliza, watu wangemwonea huruma, wangesema fundi yule, lo, lile sikio lake, nchi imepoteza. Hakuna ambaye angejua kwamba lilikwisha kabla ya agizo.

Haya hakuweza kuyasema, kwa hiyo kijiwe kikamsemea.

— Amepewa kitu, alisema Fulutangi. Shemeji, umepewa kitu. Mimi ni wa ukoo, niambie.

— Hajapewa, alisema Katibu, ameahidiwa. Kuna tofauti. Wanachukua fundi mmoja kila mtaa, wanamfanya mjumbe wa siri. Kazi yake ni kusikiliza mitaani gari gani bado ina injini, halafu anapeleka taarifa. Nani anafaa kazi hiyo kuliko mtu anayeitwa Sikio?

Fulutangi akageuka kumtazama shemeji yake kwa macho mapya. Ghafla mambo mengi yakawa yanaeleweka. Ndiyo maana siku hizi ukimwita kwa nyuma hageuki. Amefundishwa. Majasusi hufundishwa kutogeuka wakiitwa.

Mama Birika aliinama kuchochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa. Yeye siku zote alimpelekea Sikio kahawa kwa mbele, usoni, na hakumwita kwa nyuma hata mara moja. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini, na yeye hakuwa mtu wa kujibu asiyoulizwa.

— Acheni kumsakama kaka wa watu, alisema. Mtu akiunga mkono serikali lazima awe mgonjwa?

— Mgonjwa au mjumbe, alisema Katibu. Sijaona wa tatu.

Sikio alicheka nao. Kicheko ni rahisi, kinaonekana kwa mbali na mtu anaweza kukirukia kikiwa katikati. Akawaambia kwamba yeye amechoka na grisi, mgongo unamsumbua, na injini hata hivyo zimeishi vya kutosha. Fulutangi hakuridhika. Alisogea mpaka kwenye ukingo wa kiti, akamnyooshea kidole, na akauliza swali alilodhani ni la kumkomesha.

— Haya, tuseme wamefaulu. Magari yote ya umeme, kimya, yanapita hapa kama paka. Wewe na hiyo bisibisi yako utasikiliza nini, shemeji?

Kijiwe kikaangua kicheko. Safari hii Sikio hakukirukia.

— Nitapumzika, alisema.

Fulutangi alikuwa bado amenyoosha kidole ndipo gari dogo la buluu lilipokata kona kutoka njia ya vumbi, likiwa linagonga. Lilipanda juu ya zege, likasimama mbele ya gereji, pua imeelekea kwa kinyozi. Dereva alikuwa mwanamke kijana aliyevaa sketi yenye madoa ya rangi za kuchorea. Alishuka bila kuzima injini, akawaamkia wote, mmoja mmoja, akaeleza kwamba amehamia mtaa wa pili, kwamba anafundisha chekechea, na kwamba gari ameachiwa na marehemu baba yake, ambaye hakuwahi kulipeleka kwa mtu mwingine ila fundi mmoja anayesikiliza. Mzee wake alimwonyesha mahali lakini hakumtajia jina.

— Umefika, mwanangu, alisema Katibu, tayari amesimama. Huyu hapa.

Mwalimu alimgeukia Sikio akamwambia kwamba gari linagonga likisimama kwenye foleni. Hilo Sikio alilipata lote, kwa kuwa mwalimu alisema kama watu wa chekechea wasemavyo, polepole na kwa midomo yote. Kisha binti akageuka kulionyesha gari kwa mkono, na yale aliyoyasema akiwa amegeuka, kwamba siku nyingine huzima lenyewe, yaliishia kwa Mama Birika.

Sasa kijiwe kilibadilika. Hasira ya asubuhi ilikuwa imepata shahidi. Fulutangi alisema aje waziri aone hapa, alete hizo gari zake za umeme, alete na kompyuta, ashindane na sikio la binadamu. Hata tuhuma za ujasusi zilisahauliwa. Alimpungia mkono mpita njia mmoja aliyekuwa anaongea na simu, akamwomba apunguze sauti, hapa kuna kazi. Kumwambia kinyozi azime jenereta hakuthubutu, kwa sababu kinyozi alikuwa na mteja aliyenyolewa nusu.

Sikio alimwomba Mungu wake kimya. Hili gari alilikumbuka, na mwenyewe alimkumbuka, mzee mpole aliyependa kusimama karibu naye wakati wa kusikiliza, kofia kifuani. Kwa gari hili alitaka apatie. Alifungua boneti, akafuta ncha ya bisibisi kwenye suruali, akaiweka juu ya injini inayonguruma, mpini kwenye sikio la kulia. Akafumba macho.

Kijiwe kikanyamaza. Injini ikagonga, na kila mtu akasikia. Ikagonga tena, ikasita, ikakohoa mara moja, ikazima.

Sikio hakufumbua macho. Zege lilikuwa linatetemeka kwa jenereta, gari lilikuwa limekanyaga zege, na mtetemo huo ulipanda kwenye magurudumu, ukaingia kwenye bodi, ukafika kwenye chuma na kwenye mkono wake. Kwake yeye gari lilikuwa bado linanguruma. Akatikisa kichwa polepole. Akahamisha ncha upande wa pili wa injini, akakunja uso, akaukunjua, kama alivyofanya miaka yote.

Katibu alimtazama Fulutangi. Fulutangi alimtazama Mama Birika. Mama Birika alikuwa ameacha kupepea, na upepeo wake ulikuwa umesimama hewani.

Mwalimu, aliyekuwa amerudi kwenye usukani, alisubiri kwa adabu. Alidhani ni sehemu ya ufundi. Baadaye akashuka, akalizunguka gari kwa hatua za kunyata asimsumbue fundi, akaja mpaka kwenye kiti. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza mlango wa kutokea.

— Samahani, wazazi wangu. Gari limezimika muda sasa. Fundi anasikiliza nini?

Watu waliojua serikali inataka nini, magari yanaambizana nini usiku, na sanamu isiyojengwa itakuwa ndefu kiasi gani, walikaa kwenye kiti chao wakatazama chini. Fulutangi alikuwa na mdomo wazi. Swali hilo alikuwa ameliuliza yeye mwenyewe kabla kahawa haijapoa, na watu wakacheka.

— Nimeupata, alisema Sikio, macho yakiwa bado yamefumbwa. Unatokea huku chini. Usizime, binti, nisikie tena.

Kisha akafumbua macho. Alitegemea kuona nyuso zinazosubiri jina la ugonjwa, akaona nyuso ambazo hakuzijua. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomtisha. Mwalimu hakuwa kwenye usukani. Akainamisha kichwa kutazama injini, akaiona feni imesimama tuli, mapanga yake yote yanahesabika.

Alitafuta haraka pa kujificha. Angeweza kulisingizia jenereta, au kusema alikuwa anasikiliza baridi ya chuma, ufundi mpya, nao pengine wangemeza kama walivyomeza ule wa meno. Serikali ndiyo ingemfichia vizuri kuliko vyote, lakini serikali ilikuwa mbali, na hata siku ya kuanza haikujulikana. Mama Birika alikuwa ameshainuka. Alikuja akasimama mbele yake, mahali ambapo angemwona mdomo.

— Limezima lini? Sikio alimuuliza.

— Kitambo kidogo, kaka.

Akaifuta bisibisi kwenye suruali, mara ya pili, mara ya tatu, ingawa haikuwa na kitu. Aliona aibu, na aliiacha ionekane, maana hakujua tena pa kuiweka. Kisha akainua macho na kumnyooshea Fulutangi mpini.

— Njoo hapa, shemeji.

— Mimi?

— Una masikio mawili na hujawahi kuyatumia. Njoo. Mwalimu, tafadhali, liwashe.

Fulutangi aliinuka. Aliipokea bisibisi kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu, akaiweka ncha pale alipoonyeshwa, mpini sikioni, akafumba macho kwa kuwa ndivyo alivyozoea kuona. Mwalimu aliwasha. Gari likawaka, likaanza kugonga. Sikio akasogea karibu na shemeji yake, akageuza kichwa, na mbele ya kijiwe kizima akamwinamishia upande wa kushoto.

— Niambie unasikia nini. Sema kwa nguvu, na sema huku. Upande ule mwingine umekufa.

Katibu alikohoa, kisha akanyanyua kikombe akanywa. Mama Birika alirudi kwenye jiko lake akatazama upande mwingine. Fulutangi, ambaye tangu asubuhi hakukosa neno la waziri wala la foleni wala la waya, aliinama zaidi juu ya injini. Akabana mpini zaidi kwenye sikio. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa bidii.

— Linasema... Subiri, shemeji. Subiri kwanza nisikilize.